Mgonjwa Sana, Afike Upesi

Mama yangu aliteleza kwenye majani ya migomba nyuma ya jiko, akavunjika nyonga, na mimi nikafungwa. Nasema nikafungwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Yeye hospitali walimruhusu atoke. Mimi hakuna aliyeniruhusu. Niliteremsha mlango wa duka langu la vitenge pale Biharamulo mjini, funguo nikamwachia mwenzangu wa duka la jirani, nikapanda pikipiki kwenda Nyamigogo kwa wiki chache. Wiki zikazaa miezi.

Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi. Mimi ndiye binti pekee, tena sina mume, na kwetu mwanamke asiye na mume huhesabiwa kuwa hana kazi. Basi nikawa mtu wa kuamka kuchemsha maji, kumgeuza mama ubavu, kuyatia maharage chumvi kidogo kidogo kama daktari alivyoagiza, na kuambiwa hayana ladha. Mvua ilinyesha ikafuta njia. Mtandao wa simu ulipatikana ukipanda mpaka kwenye kisuguu cha mchwa kule mpakani mwa shamba, na mara nyingi nilipanda pale si kumpigia mtu, bali kuona tu kama simu bado inanikumbuka.

Dawa ya kifungo changu ilikuwa rahisi. Mjini nina vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, hospitali iko karibu, maji yanafika uani. Nilimwambia mama twende tukaishi huko, niuze vitenge vyangu na yeye akae kivulini atazame watu. Alinijibu neno lilelile kila nilipouliza.

"Akirudi atakuja hapa. Kwako hakujui."

Aliyekuwa akisubiriwa ni kaka yangu mkubwa. Aliondoka ujanani baada ya baba kuuza ng'ombe ambao kaka aliamini ni wa mahari yake. Walitupiana maneno mazito mbele ya wageni, asubuhi kitanda chake kikakutwa kitupu. Tulisikia yuko upande wa Ngara, Mugoma, anafanya vibarua vya kahawa na kubeba ndizi. Miaka ya mwanzo alikuwa na simu. Kisha namba ikawa haipatikani, na baba alipofariki hatukuwa na njia ya kumwambia. Baba mdogo alitumwa kumtafuta, akarudi na jibu kwamba amehama. Alitumwa tena, jibu likawa lilelile. Mtu wa vibarua huhama na msimu, utamshikia wapi?

Basi mama alibaki na redio.

Ilikuwa redio ndogo, imefungwa mpira wa baiskeli ili mfuniko wa betri usidondoke, na waya wake ulipita dirishani hadi kwenye mparachichi. Ilifunguliwa steshini moja tu, ile ya taifa, na haikuzimwa. Taarifa ya habari, bei za mazao, kwaya, hotuba, kilimo cha kisasa, hotuba tena. Nilipika nayo, nilifua nayo, nikaanza kuota kwa sauti ya msomaji wa habari. Siku nilipoifunika kwa kanga ili ipunguze makali, mama aliniita kutoka chumbani kama mtu anayenyongwa.

Saa ya matangazo ya vifo ndiyo ilikuwa ibada yenyewe. Kijiko kisigonge sufuria, kuku asifukuzwe, mgeni asibishe hodi. Msomaji alitaja marehemu, kisha akaanza ule mlolongo wa "habari ziwafikie" fulani wa Muleba, fulani wa Kasulu, na fulani popote alipo. Mama alisikiliza macho yamefumbwa. Jina la mwanawe lisipotajwa kati ya marehemu, alishusha pumzi na kusema, "Leo yu mzima." Ndivyo alivyomfuga mtoto wake miaka yote hiyo, siku kwa siku, kama mtu anavyotunza moto kwa kufukia kaa kwenye majivu.

Mimi nilikuwa na ugomvi wangu na redio ile, na ulianza zamani, dukani. Mtu wa biashara huijua kodi kama mkulima anavyomjua ngedere. Kila kitambaa nikiuza natoa risiti, na kila risiti serikali imeshakula kabla sijala. Nilikuwa nawaambia wateja wangu, nikipiga meza: mimi nikileta kitenge kibaya hakuna anayenunua, nalala na njaa yangu, kwa nini kodi yangu imlishe mtu anayesoma hotuba ambazo hakuna aliyeziomba? Anayetaka redio anunue redio. Anayetaka sifa za wakubwa azilipie mwenyewe. Wateja walicheka, wengine walikubali, na mimi nilijiona nina akili.

Nyamigogo nilikosa wateja wa kubishana nao, nikabishana na mama. Kwa kawaida tunaongea Kisubi. Kiswahili amekitunza kwa mambo makubwa, ya kanisa na ya serikali, na akikitoa, r zote zikigeuka l mdomoni mwake, ujue kikao kimeanza.

"Mama, ile redio nyingine inasikika vizuri zaidi," nilimwambia. Ilikuwa redio ya kibiashara, vijana wachangamfu, muziki, matangazo ya kamari. "Nayo inatangaza misiba. Tena hailipwi na kodi ya mtu."

"Wale? Wanacheka kabla malehemu hajamaliza kutajwa."

"Lakini hawatudai."

"Ledio ya matangazo ya bia inamtafuta mnywaji. Mimi sinywi. Itanitafuta mimi?"

"Nusu ya hiyo yako ni sifa za wakubwa."

"Nazijua. Nazipepeta. Pumba zikipepeluka, nabaki na kile nilichongojea."

Nilikwenda jikoni, si kwa kushindwa. Nilikwenda kwa sababu maji yalikuwa yanachemka. Na hata hivyo niliona anachokisema kina shimo: anachongojea ni jina ambalo hataki kulisikia. Sikuthubutu kumwambia.

Asubuhi moja ya mvua alinyoosha kidole kwenye redio, akatoa Kiswahili.

"Nenda ukatangaze kwamba nimekufa."

Nilidhani homa imepanda kichwani. Nikamshika paji la uso, akausukuma mkono wangu.

"Sina homa. Mtoto anaweza kukataa halusi, anaweza kukataa ulithi. Msiba wa mama hakuna anayeukataa. Akisikia atakuja. Akishafika, atanikuta nimekaa."

"Na ukoo mzima ukija na vilio?"

"Watakula waludi makwao."

Nilimwambia ni dhambi. Akasema dhambi ni yake. Nilimwambia tutumie ile redio ya vijana, wao hawaulizi sana. Akanitazama kwa huruma. "Wale wakisema nimekufa, nani ataamini? Atauliza kwanza. Hii ikisema, haulizi mtu." Hapo ndipo niliponaswa hasa. Kila siku nilikuwa nikimwambia redio yake haina maana, na yeye alikuwa ananionyesha maana yake: ilikuwa kitu pekee kinachoaminika kiasi cha kufaa kwa uongo.

Kwa tangazo la kifo, mtendaji wa kijiji hutakiwa kuthibitisha. Mama aliagiza aitwe. Akaja kijana wa watu, viatu vimejaa tope, akasema shikamoo bibi, akaitikiwa marahaba, akapewa uji, kisha akaelezwa alichoitiwa. Uji ulimpalia.

"Bibi, nitathibitishaje umekufa na umeniitikia marahaba?"

"Sema hukuniona."

"Na huu uji?"

Mama alikasirika akageukia ukutani. Mtendaji, ambaye bado alikuwa na nyanya yake mwenyewe nyumbani, alikaa akifikiri. Akasema kuna njia isiyo na uongo. Bibi anaumwa, hilo hata daktari anajua. Tutangaze ugonjwa. Tuseme mama yako ni mgonjwa sana, afike nyumbani upesi. Mama aliposikia hivyo akageuka kutoka ukutani, na nikaona anatabasamu. Mimi sikuelewa kilichomfurahisha, na hapo ndipo nilipothibitisha kwamba mji umenipumbaza.

Tangazo likapelekwa, likasomwa. Jina la kijiji, jina la mama, jina la kaka, "popote alipo, mama yake ni mgonjwa sana, afike upesi." Mama alisikiliza jina lake likitoka kwenye kile kisanduku, akarekebisha kitambaa cha kichwa kana kwamba anatazamwa na nchi nzima.

Siku iliyofuata, jua likiwa bado halijakausha vizuri majani, nikasikia kilio barabarani. Kilikuwa kilio chenyewe, cha kushika kichwa kwa mikono miwili. Nikatoka. Alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, amekuja kutoka Bisibo na wanawake wenzake, vichwani wamebeba kuni, unga na ndoo ya maharage. Nyuma yao wanaume walikuwa na turubai. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtu kwetu anakijua: mtu hatangaziwi msiba ghafla akiwa mbali, asije akaanguka njiani. Huambiwa "mgonjwa sana, fika upesi." Anayesikia hivyo huanza kulia palepale. Mtendaji alitafuta ukweli. Mama alikuwa amepata alichotaka.

Shangazi aliingia ndani akilia, akamkuta marehemu amekaa kitandani anamenya karanga.

"Karibu, wifi," mama akasema. "Shikamoo zenu nitazipokea zote, msisukumane."

Shangazi alikaa chini sakafuni kama aliyepigwa. Kisha hasira ikampanda. "Wifi! Nimelia kuanzia Bisibo! Machozi yangu nitayarudisha wapi?"

"Yaache hapahapa. Siku ya kufa kwangu usilie tena, nitakuwa nimeshayapokea."

Mtu mmoja akacheka, wote wakacheka, na kwa kuwa kuni zilishabebwa na unga ulishaletwa, wakapika wakala. Wengine waliendelea kufika hata siku za baadaye, na mama aliwapokea mmoja mmoja, akipima nani ana macho mekundu na nani amekuja na macho makavu. Sijamwona akiwa na furaha namna ile tangu baba alipokuwa hai. Lakini kila pikipiki iliponguruma barabarani, mkono uliokuwa unamenya karanga ulisimama.

Wakaja wa Bisibo, wa Biharamulo mjini, binamu wa Chato, na mjomba ambaye hatukujua kama bado yu hai. Kaka hakuja. Turubai likakunjwa. Tangazo likasomwa tena kama tulivyoomba, na uwanja wetu ukabaki na majivu na kuku.

Siku moja nikiwa nje nasuuza nguo nikahisi kuna kitu kimepungua duniani. Ilinichukua muda kujua ni nini. Redio ilikuwa imezimwa. Nikakimbia ndani nikidhani amekata roho kweli. Alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Kaka yako amekufa," alisema. Kwa Kisubi, taratibu. "Redio ya taifa imesema, nchi nzima imesikia. Mpaka watu wa Chato wamesikia. Hakuna mtoto anayesikia mama yake anakufa akakaa. Kama hakuja, hayupo."

Nilikaa kando yake nimbembeleze, hakungoja. Yeye ndiye aliyeendelea. Tumwite katekista, tufanye sala, tunyoe nywele, tumlilie kama watu. Halafu akasema neno nililolisubiri tangu siku ile ya majani ya migomba: "Tukimaliza, nitakwenda nawe mjini. Hapa sina ninayemngoja."

Nilimhurumia, na nilifurahi. Vyote viwili kwa pamoja, na furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nilipanda kisuguuni nikampigia mwenzangu wa dukani nikamwambia afagie, narudi. Niliona mlango wangu ukipandishwa, vitenge vikining'inia, mimi nikipiga meza na kubishana. Niligawa kuku. Nilifunga vyombo vya mama kwenye shuka, nikamwonyesha, akaitikia kwa kichwa kama anayeonyeshwa vitu vya mtu mwingine.

Ila kwetu humlilii mtu kabla ya kupeleka habari mahali alipoonekana mara ya mwisho. Ni adabu, na ni tahadhari pia; watu wamewahi kunyoa nywele kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakunywa pombe kilima cha pili. Baba mdogo alikuwa na miguu mibovu. Nikatumwa mimi. Wakati naondoka mama alinikabidhi redio. "Nenda nayo. Mgawie yeyote wa huko. Sitaki kuiona."

Nilifika Ngara, nikachukua pikipiki hadi Mugoma. Vilima vya kijani, migomba, kahawa, na ng'ambo ya mabonde vilima vingine vinavyofanana na hivyo ambavyo ni Burundi. Niliuliza sokoni, niliuliza kwenye mashamba ya kahawa. Wapo waliokumbuka mtu wa Biharamulo mwenye kovu kwenye nyusi. Alikuwepo, alikuwa mchapakazi, alikwenda, hawajui wapi. Hakuna aliyesikia kwamba amekufa. Hakuna aliyesikia pia kwamba mama yake anaumwa.

Nilikaa kwenye duka la mama mmoja aliyekuwa akiuza sabuni na chumvi, nikamwambia nina redio ya kugawa. Akaipokea, akashukuru, akaiwasha. Ilikuwa karibu saa ya vifo. Nikamwambia aiache hapohapo kwenye steshini ya taifa. Ikakoroma. Akazungusha, ikakoroma zaidi, halafu ikatoa sauti safi kabisa ya Kirundi.

"Hiyo ya kwenu haifiki hapa," aliniambia. "Labda upande kule juu, tena siku isiyo na mawingu. Sisi tunasikiliza ya ng'ambo. Wanataja misiba yao, tunawalilia."

"Na misiba ya kwetu?"

"Ya kwenu tunaisikia mtu akija nayo mdomoni. Kama wewe."

Nilimwomba radhi, nikaichukua redio yangu, nikapanda kule juu. Nilizunguka na waya mkononi kama mwehu, nikaelekeza huku, nikaelekeza kule, hadi sauti ya kukoroma yenyewe ikafifia na taa ndogo ikazimika. Sikupata hata neno moja. Mahali pekee tulipokuwa na hakika kwamba kaka aliishi, sauti ambayo mama alidhani inajaza nchi nzima ilikuwa inaishia njiani.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na haikuwa ile hasira yangu ya zamani. Zamani nilisema wasichukue kodi yangu kwa ajili ya redio. Sasa walikuwa wameshaichukua, miaka yote, pamoja na ya yule mama wa sabuni na chumvi, na nilitaka kujua kilichonunuliwa kilikuwa wapi. Nilitaka mnara. Nilitaka mtu asimame Mugoma asikie jina la mama yake.

Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na jambo dogo zaidi na baya zaidi. Nikinyamaza, mama ananyoa nywele, tunalia, tunapanda gari kwenda mjini. Sikuhitaji kusema uongo wowote. Ningesema tu kwamba nimefika, nimeuliza, hakuna anayejua alipo, na yote hayo yangekuwa kweli tupu. Tangu Ngara mpaka Biharamulo nililipanga hilo jibu sentensi kwa sentensi, nikalisikia likiwa zuri.

Nilikuta shuka lenye vyombo bado limefungwa mlangoni. Katekista alikuwa ameshapewa taarifa. Mama alikuwa ameagiza wembe mpya, uko kwenye sahani, na kitambaa cha kichwa alikuwa amekivua. Sikuwahi kumwona kichwa wazi mchana. Nywele zilikuwa nyeupe na chache, na zilichanwa vizuri kwa ajili ya kunyolewa.

"Umewaambia?" aliniuliza.

"Nimewaambia." Nikakaa. Nikaitoa redio kwenye mfuko nikaiweka kitandani kati yetu. Akaitazama kama nimemletea nyoka.

"Nilikwambia uigawe."

"Mama, kule haifiki."

"Nini haifiki?"

"Redio. Mugoma nzima hawaisikii. Nimepanda mpaka juu. Tangazo letu kaka hakulisikia, kama bado yuko upande ule. Hakuna aliyelisikia."

Aliigeuza redio akaitazama mgongo. Kuku wa jirani, ambaye juzi alikuwa wetu, aliingia akatoka. Kisha mama akabadili lugha, nikajua kikao kimeanza.

"Watu wa kule wanalipa kodi?"

"Wanalipa. Hata kipande cha sabuni kina kodi ndani yake."

"Na ledio haifiki."

"Haifiki."

"Basi kaka yako hajakataa kuja."

"Hajakataa."

Akachukua kitambaa chake, akajifunga kichwa, akaufunika wembe kwa sahani nyingine. Akaivuta redio mapajani, akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Betli zimekwisha," alisema. "Saa ya vifo inakalibia."

Nililitazama lile shuka pale mlangoni. Nikalifungua, nikarudisha sufuria jikoni, kisha nikachukua nauli yangu ya kurudi mjini, nikaenda dukani kununua betri.